Fahali Aliyenipeleka Kupimwa

Kituo cha Utafiti wa Mifugo,
Nyumba za Wafanyakazi, Na. 7,
S.L.P. 214.
9 Agosti.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku hatujambo, ila nina jambo zito, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea, nitasema bila kuona haya.

Barua yako ya mwisho niliisoma mara mbili. Ulisema miaka tisa ya ndoa bila mtoto inatosha, nioe mke mwingine. Sikukasirika. Wazo hilo hata mimi lilikuwa limeshaanza kuniingia.

Sasa sikia. Kazini tuna fahali tuliyempa jina la Mheshimiwa. Shingo kama gogo, ngozi inang'aa, na majike hakuwa akiwaonea aibu. Lakini hakuna aliyeshika mimba. Tukalaumu malisho, tukalaumu majike, tukawabadilisha mara tatu. Kwa umbo lile, nani angemshuku yeye? Mwishowe daktari wa mifugo akaagiza shahawa zake zipimwe, nami nikaziweka chini ya hadubini. Kwa kawaida naona mbegu zimejaa tele, zinakimbizana kama viluwiluwi dimbwini. Siku ile sikuona hata moja. Nilibadilisha kioo mara nne.

Daktari akashika kiuno. "Yaani majike kumi na wawili tumewasingizia bure! Nguvu ni kitu kingine, mbegu ni kitu kingine."

Wenzangu walicheka. Mimi nilishindwa. Dada, miaka kumi na moja napima mafahali na mabeberu. Najua joto likizidi mbegu zinaharibika, najua zinachukua wiki ngapi kukomaa, lakini mwenyewe sikuwahi kupimwa. Wifi yako amepimwa hospitali tatu na amekunywa kila mzizi aliouleta mama.

Nikaenda hospitali kimyakimya. Majibu yakatoka: hakuna mbegu. Mtaalamu wa maabara akataka kunieleza maana yake. Nikamwambia, "Usijisumbue, ndugu yangu, ndiyo kazi yangu."

Siku tatu nilitembea na karatasi ile mfukoni. Ya nne nikampa wifi yako, akiwa anaanika nguo. Aliisoma amesimama, kibanio bado mdomoni, kisha akakaa kwenye ngazi.

"Miaka tisa," alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nameza dawa."

Nikamwomba radhi. Alimaliza kuanika nguo zake, zangu akaziacha kwenye beseni. Wiki nzima hatukuongea ila mambo ya chumvi na ufunguo.

Jumapili mama akaja na chupa nyingine ya dawa. Kabla hajaifungua nikasema, "Mama, mwenye tatizo ni mimi." Akamtazama mkwewe, akakosa pa kuweka mikono. "Mwanangu," akamwambia, "nilikuita mti usiozaa, tena mbele za watu." Chupa akaimwaga mwenyewe kwenye sinki. Hapo ndipo wifi yako alipolia.

Daktari wa hospitali anasema huenda njia ya mbegu imeziba, na kama ni hivyo upasuaji unaweza kusaidia. Huenda pia mwili wangu hauzitengenezi kabisa. Tarehe ishirini na moja nitafanyiwa uchunguzi tujue ni lipi. Wifi yako amesema atanisindikiza. "Nitakuja," alisema, "lakini usidhani nimemaliza kukasirika." Nimeridhika na hilo, Dada. Ni zaidi ya ninachostahili.

Usinionee huruma. Chukua kalamu umwandikie yeye, na mimi usinitaje. Muulize hali yake, basi, na atakachojibu ukipokee hata kikiuma.

Nisalimie shemeji, shangazi mshonaji, na mpwa wangu mnayemwita Profesa. Mungu aifunike nyumba yako kwa rehema, na atupe sisi huku moyo wa kulipokea lolote litakalosemwa.

Wako akupendaye,
Mdogo wako wa tumbo moja