Tangi la Kaka Bila Skima

Jumamosi. Mawingu yametanda hapa mtaani Donholm tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Sina huzuni. Sina furaha pia. Nimeamka, nimekanda mkono wa Kaka, nimepika uji, nimefua.

Kaka Mutua ndiye ndugu yangu mkubwa. Tangu apigwe na kiharusi, upande wake wa kulia umelala na maneno yamemwisha karibu yote. Nilihamia kwake nimtunze. Siku za kwanza nilikuwa nikilia bafuni. Siku hizi hata bafuni naoga tu.

Kitu pekee ambacho macho yake hukifuata ni tangi la samaki pale sebuleni. Ni la maji ya chumvi, samaki wa baharini, kazi ya mikono yake mwenyewe. Akiwekwa kwenye kiti, hulitazama hadi chakula cha mchana.

Jumanne skima ilizima. Skima ni ile mashine inayopuliza viputo vidogo ndani ya maji. Uchafu hunata kwenye viputo, povu hupanda hadi kwenye kikombe cha juu, nawe unamwaga maji meusi kama chai iliyokolea. Hunguruma mchana kutwa kama mtu anayesukutua koo. Iliponyamaza nilisikia, nikaendelea kupiga pasi.

Nilisoma mtandaoni. Mmoja anasema bila skima samaki watakufa. Mwingine ameishi miaka bila skima, na amebandika picha za samaki wanene. Nilifunga simu nikiwa sijui chochote zaidi ya nilichojua mwanzo.

Jana nilimkuta samaki mmoja amekufa, yule mdogo wa buluu. Wengine walikuwa juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Nilimtoa kwa kijiko cha supu. Kaka alikuwa ananitazama.

Nilienda kumkorogea uji.

Hilo ndilo linalonitisha nikiandika hapa. Si kufa kwa samaki. Ni kwamba nilimwona Kaka anatetemeka mdomo, na ndani yangu hapakusogea kitu.

Leo asubuhi nilimwita Otieno, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuzia Kaka samaki. Alikuja na mitungi ya maji aliyokwisha kuyatia chumvi kwake. Alimsalimia Kaka kwanza, akainama hadi macho yao yakakutana. "Niaje mzee?" Kaka akapepesa macho.

Otieno akafungua kabati la chini ya tangi, akaitoa skima, akaigeuzageuza. Mota imeungua, akasema, haitengenezeki.

"Sasa ni lazima ninunue ingine?" nikamuuliza.

"Si lazima, dada. Hawa samaki ni wachache, na haya mawe ya baharini yanasaidia kusafisha. Punguza chakula, huyu wa manjano nimchukue mimi kwa sababu anachafua sana, hao wawili wadogo wabaki. Nitawaachia na pampu ndogo ya hewa. Lakini maji lazima yabadilishwe kila wiki, bila kuruka hata moja. Skima inakusaidia ukichelewa. Bila skima, hakuna kuchelewa." Akanitazama. "Ni nani atakuwa anabadilisha?"

Nilitaka kumwambia achukue wote. Nilikuwa nimeshaifungua midomo. Nilifikiria ndoo, mipira ya maji, chumvi, maji ya mgawo yanayokuja yanapotaka, na mtu wa kugeuza kitandani. Nilichoka kabla ya kuanza.

"Mimi."

Otieno alidhani ni mimi niliyesema. Nilikuwa bado nimefungua midomo.

"Mimi," Kaka akasema tena. Sauti ilikwaruza kama mlango wa bati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuka juu ya blanketi.

Otieno hakucheka wala hakunitazama mimi kuomba ruhusa. Alinyonya maji machafu kwa mpira hadi ndoo ikajaa, akamvua nguo yule samaki wa manjano kwa wavu mdogo — naandika upuuzi, samaki hana nguo. Alimvua, basi, akamtia kwenye mfuko wa plastiki wenye maji. Kisha tukasukuma kiti cha Kaka hadi kwenye tangi. Nikajaza jagi nusu kwa maji ya mtungini, nikalitia kwenye mkono wake wa kushoto.

Alimwaga polepole. Nusu iliingia kwenye tangi, nusu ikaingia kwenye slipa zangu. Wale samaki wawili walikimbilia nyuma ya jiwe, kisha wakatoka kuchungulia.

"Ingine," akasema.

Nikajaza. Akamwaga. Tulifanya hivyo hadi mkono ukachoka, na bado hakutaka kuliachia jagi. Ilibidi Otieno amwambie, "Boss, imetosha, utawazamisha," ndipo Kaka akatoa kitu kilichofanana na kicheko.

Sasa amelala usingizi wa mchana, shati limeloa kifuani, sijambadilisha. Nimepiga deki sebule.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Sijui kama nilifurahi. Najua tu kwamba wakati nakata vitunguu vya chakula cha mchana nilijikuta napanga nitapata wapi jagi jepesi zaidi, lenye mshikio mpana, ambalo mkono wake utaliweza.

Skima sinunui. Jumamosi ijayo Kaka ana kazi.