Mwalimu Respicius na Fuvu la Pangoni

Agatha weee, nimejificha stoo ya vitabu, nacheka hadi mbavu zinauma!

Yule mwalimu mpya wa fasihi, Respicius wa Bukoba, leo kafundisha huku mkuu wa shule kakaa nyuma anamkagua. Hadithi yenyewe ya kutisha: kijana anaingia pangoni, anakuta fuvu juu ya jiwe, anatoka mbio akipiga mayowe.

Maskini, kajiandaa wiki nzima. Akauliza kwa sauti nzito, "Fuvu ni ishara ya nini?" Alitaka waseme mauti. Mauti tu, shosti!

Mwanafunzi mmoja, Esta, akasimama. "Ni babu wa ukoo, mwalimu. Huyo kijana hana adabu, hata hakumwamkia."

HAKUMWAMKIA! Na darasa zima, "Kweli kabisa!"

Respicius akamgeukia mkuu amwokoe. Kasahau kwamba mkuu mwenyewe, mzee Abednego, ni wa Ugweno kule milimani, na mafuvu ya babu zao bado yapo pangoni!

Mkuu akasema taratibu, "Esta kapata. Jumamosi nakupeleka pangoni kwetu, ukamwamkie babu yangu."

Sasa hivi Respicius kanifuata huku stoo, ananiuliza: "Blandina, nikisema shikamoo halafu fuvu likaitikia marahaba, nikimbilie wapi?"