Barabara Isiyopitwa na Mtu

Jumanne, 15 Januari 2019

Wameukataa mkataba wa kujitoa Ulaya. Tena kwa tofauti ya kura mia mbili na thelathini — loo! Miaka miwili na nusu wanazozana kule London, na walichozaa ni domo tu. Nimetazama kwa Eunan. Yeye anasikiliza, kisukari kimeshayala macho yake. Nilimchoma sindano yake ya jioni, nikamwekea viazi na nyama, akala huku waheshimiwa wakizomeana kama darasa lisilo na mwalimu. Kaka yangu ana miaka sabini na mbili na wabunge wote anawajua kwa sauti, kila mmoja na upumbavu wake. Huyu wa teknolojia huyu, akaniambia. Wa teknolojia anadai mashine itajua lori limebeba nini bila kulisimamisha mpakani. Mashine! Jikoni kwangu hata simu haishiki mpaka nisimame dirishani.

Kisha nikarudi nyumbani. Dakika nne kwa miguu, ukivuka daraja. Eunan yuko Jamhuri ya Ireland, mimi niko kwa Malkia wa Uingereza, na tangu askari wa Kiingereza waondoke mpakani sijawahi kulifikiria jambo hilo.

Jumatatu, 21 Januari

Barua. "Mkazi mpendwa." Mpendwa wa nani? Kuna tume inakuja "kutusikiliza". Wakijitoa bila mkataba, barabara ndogo za mpakani zitachujwa: zinazotumika sana zitaachwa wazi, zilizobaki zitafungwa. Yetu ya Corraglass imo kati ya zinazochunguzwa.

Nimeisoma mara mbili. Ikifungwa, kwenda kwa Eunan ni kuzunguka maili ishirini na mbili na foleni ya malori juu yake. Sindano ni mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na mwenyewe hawezi kujichoma, haoni hata alama za dawa kwenye bomba. Kuhama hataki. Nyumba ile atatoka kwa jeneza, kasema, na kwa ukaidi alionao namwamini.

Packie Gilroy, mwenye duka na mwenyekiti wetu wa kila kitu, kanicheka. Watakuja, watakunywa chai, watakwenda zao. Kama wale wa mwaka jana.

Alhamisi, 31 Januari

Wamekuja watatu. Mkubwa wao anaitwa Bwana Crispin Hale. Buti mpya za mpira, lebo ya duka bado iko kwenye kisigino. Akaniuliza mpaka uko wapi — naye kasimama juu yake! Nikamwonyesha pale lami inapobadilika rangi. Akaipiga lami picha. Mfyuu.

Ukumbini tulikuwa thelathini na kitu. Akauliza, na kwa upole, siwezi kumsingizia: barabara hii mnaitumia mara ngapi? Packie akakohoa, akasema si sana. Rosaleen, anayevusha watoto kwenda shule kila asubuhi, akasema naye si sana. Mzee Tunney, ambaye ng'ombe wake wanakula kusini na kulala kaskazini, akasema labda wakati wa Krismasi. Zamu yangu ikafika. Mimi, niliyevuka asubuhi hiyo hiyo na dawa mfukoni!

"Mara moja moja," nikasema.

Kwa nini? Sijui. Aa, najua. Miaka mingi tuliulizwa na askari pale pale darajani: unatoka wapi, unakwenda wapi, nyumbani yupo nani. Baba alitufunza tukiwa wadogo kwamba mwenye sare akikuuliza saa, mwambie saa yako imesimama. Huyu hakuwa na sare, alikuwa na lafudhi yao tu. Ikatosha. Midomo ikajifunga yenyewe.

Akaandika yote, akatushukuru kwa kuwa wakweli. Tukatoka tunachekana kwamba tumempiga chenga Mwingereza. Packie alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 26 Februari

Ripoti imetoka. Packie kaibandika dukani, juu ya friza ya samaki. Corraglass: haina matumizi ya maana, kama wakazi wenyewe walivyothibitisha. Inapendekezwa ifungwe kwa vizuizi vya zege.

Tumejikaanga kwa mafuta yetu wenyewe! Mwezi mzima nawaita wale wa London wajinga. Lakini mjinga wa London hana kaka ng'ambo ya daraja hili. Ninaye mimi, na nimelitoa daraja kwa maneno matatu, bila hata kutishwa.

Dukani kila mmoja anamtafuta wa kulaumiwa. Rosaleen anasema Packie ndiye aliyeanza. Packie anasema yeye alikohoa tu. Nikatoa karatasi, nikawaambia tuandike kukanusha, kila mtu aweke jina lake na idadi ya safari zake. Waliitazama ile karatasi kana kwamba ina ugonjwa. Mzee Tunney akakumbuka ng'ombe wake. Rosaleen akasema jina lake halijawahi kuwa kwenye orodha yoyote na hataanza leo.

Na hawa ndio wale wale! Jeshi lilipokuwa linailipua barabara hii kwa mabomu, walitoka Jumapili baada ya misa na majembe, wakalifukia shimo. Jeshi likalipua tena, wakafukia tena, helikopta juu ya vichwa vyao. Eunan ndiye aliyekuwa kwenye trekta. Helikopta hawakuiogopa. Leo wanaogopa kalamu. Nimewadharau, kisha nikajikumbuka mimi mwenyewe pale ukumbini.

Jumatano, 27 Februari

Nimeiandikia tume barua peke yangu. Dympna Treacy, miaka sitini na tatu. Navuka mara nne kila siku ya Mungu, kwenda na kurudi, asubuhi na jioni. Nilichosema ukumbini kilikuwa uongo. Nimeiposti kabla sijajirudi.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Hale kapiga simu mwenyewe. Atakuja Alhamisi. Ila neno langu pekee halitoshi, maana nimeshasema mawili yanayopingana. Anataka mtu wa upande wa pili anithibitishe. Haki yake. Nikamwambia nitampa mwenyewe anayechomwa sindano, shahidi gani mwingine wanamtaka?

Kesho wanapigia kura mkataba ule ule tena. Wapige. Sitazami.

Jumatano, 13 Machi

Nimemweleza Eunan kila kitu, mpaka aibu yangu. Kwanza aligomba kuhusu barua. Jina letu kwenye karatasi ya serikali! Nikamwambia ni jina au ni sindano, achague. Mwishowe akasema sawa, atasema ukweli. Nimemzoesha jibu mara tatu: Dympna huja mara ngapi? Asubuhi na jioni. Vizuri, kaka.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye meza ya Eunan, maana lazima niipe mikono kazi.

Bwana Hale kaja kwa wakati. Kavua buti mlangoni, kakaa. Eunan ndiyo kwanza alikuwa anaanza kula, sahani niliyompakulia mbele yake, mvuke unatoka. Mimi nimesimama pembeni na bomba la sindano mkononi, nimeshamchoma.

"Bwana Treacy, dada yako huja hapa mara ngapi?"

Kaka akaugeuza uso upande ilikotoka ile lafudhi. Nikauona ukijifunga. Mungu wangu, niliuona kabisa.

"Dada gani?" akasema.

Nikamwita kwa jina. Nikamwambia, kaka, ni mimi, mwambie kama tulivyozungumza jana. Hakunielekea. "Mimi naishi peke yangu, bwana. Barabara ile hapiti mtu."

Bwana Hale akanitazama, akaitazama sahani, akalitazama bomba. Hakuandika. Akasema anatoka kidogo, atatuachia dakika kumi, halafu itabidi ajaze fomu kwa lile atakaloambiwa. Yuko nje anatembea mbele ya lango, ameibana fomu kwapani.

Eunan ameushika mkono wangu chini ya meza. Anautuliza, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Ananinong'oneza nisiogope, hajawaambia kitu.