Mume Wangu Alipanga Foleni kwa Mamba, Nikapandishwa Basi

Mpendwa Bi. Corliss,

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumapili, saa mbili na dakika ishirini na sita asubuhi, mbele kidogo ya maili ya kumi na moja, nilipoteza namba ya buluu niliyoilinda kwa miaka kumi na minne, na kilichonipotezea si goti langu wala nyayo zangu, ni mume wangu wa ndoa, kwa hiyo naomba msaada wako kabla sijamwambia neno ambalo sitaweza kulirudisha.

Wewe ni wa huku huku kwetu, unazijua mbio za nusu marathoni za bustani ya burudani ya Kapteni Gus, ila kwa wale wasomaji wako ambao hawajawahi kuamka saa nane za usiku kwenda kukimbia kati ya mabembea yaliyozimwa, niseme tu kwamba waliomaliza kila mwaka tangu mbio za kwanza kabisa hupewa namba ya buluu kifuani, wengine wote nyeupe, na ukishindwa kumaliza mara moja tu, hata kama ulikuwa na homa, hata kama ulifiwa, ya buluu huioni tena maishani. Nyuma ya wakimbiaji wote wanatembea wanawake wawili wenye mafagio ya kijani mabegani, dakika kumi na sita kwa kila maili, hawaongezi wala hawapunguzi, na wakikupita wewe ni taka, basi la manjano linakuzoa.

Mimi si mwepesi na sijawahi kudai kuwa mwepesi. Nilianza maisha na mashine mbili za kufulia za mitumba nikifua mashuka ya moteli moja hapa Kissimmee, leo nafulia hoteli kumi na moja, na hakuna aliyewahi kunipa hata kipande cha sabuni, kila nilichonacho nimekipata kwa kuhesabu, na mbio hizi pia namaliza kwa kuhesabu, dakika moja tunakimbia, dakika moja tunatembea, saa ya mkononi inalia tunabadilisha, na hivyo ndivyo tulivyomaliza hata mwaka ule wa baridi iliyogandisha machungwa mitini.

Mume wangu, nitamwita Orrin ingawa silo jina lake, ndiye fundi wa mashine zangu, na kila mwaka tunakimbia pamoja, mimi nimevaa kama kichupa cha chumvi cha mezani na yeye kama kichupa cha pilipili manga, mavazi nimeshona mwenyewe, na tuna sheria moja tu, tunaanza pamoja na tunavuka mstari tumeshikana mikono. Sasa jua kitu kimoja, Bi. Corliss. Njiani kuna wanyama wa bustani, yaani watu waliovaa mavazi ya wanyama, na ukitaka picha nao unapanga foleni huku muda wako unaliwa, na kwa miaka kumi na minne Orrin aliwapita wote bila kugeuza shingo, akisema yeye hawezi kupanga foleni ili akumbatiwe na mtu aliyevaa zulia.

Mwaka huu, maili ya nne, korongo wa pinki. "Bosi," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "tupige picha." Nikasema haya, labda ni uzee. Maili ya saba, kasa. Maili ya tisa, yule nguva mnene, Bi. Hattie. Na katikati hapo saa inalia tukimbie, yeye anaendelea kutembea, eti kiatu kinambana, wakati viatu ni vipya, kavinunua mwezi wa kumi na moja namba kubwa zaidi, eti vya zamani vimesinyaa, ananiambia mimi hivyo, mimi ambaye nimefua kwa miaka ishirini na sita na najua kinachosinyaa na kisichosinyaa. Tulikuwa tumeanza dakika kumi na nne mbele ya mafagio. Tulipofika kwa Kapteni Gus mwenyewe, mamba wa kofia ya unahodha, zilibaki sita.

"Orrin, foleni hii ina watu kumi na tisa," nikamwambia. "Kila mmoja nusu dakika. Mafagio yako dakika sita nyuma. Piga hesabu mwenyewe."

"Nimepiga, bosi. Wewe tangulia."

"Nitangulie niende wapi? Sisi tunamaliza pamoja."

"Mwaka huu tangulia. Nitakukuta."

"Unabaki kwa ajili ya mamba?"

"Kila mwaka nampita tu huyu Gus. Leo nataka nimsalimie."

Mwanamke mmoja aliyevaa kama nyuki akacheka, akaniambia, "Dada, mwache shemeji na mamba wake, wengine wetu wameachwa kwa vitu vibaya zaidi." Mimi sikucheka. Nilisimama kando ya kamba nikimwangalia mtu mzima wa miaka hamsini na nane, jasho limemlowesha mpaka kofia yake ya pilipili imelegea, ameshika reli kwa mkono mmoja, anasogea hatua moja moja kwenda kumkumbatia mamba wa sponji.

Mafagio yakafika. Mmoja wa wale wanawake, mwalimu mstaafu anayetujua kwa sura miaka yote, akaniita, "Chumvi, ukiondoka sasa hivi unatuwahi, sisi tutamchukua Pilipili. Nenda, mama."

Bi. Corliss, miguu yangu ilikuwa mizima. Sijui kwa nini sikwenda. Nilisimama pale mpaka akamaliza picha yake, tukapandishwa basi wote wawili, na kabla mlango haujafungwa alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kama mtu asiye na kosa. Na namba yake pia ilikuwa ya buluu, usisahau, na wala haimuumi. Baada ya mbio huwa tunakwenda kula uji mzito wa mahindi na kamba wa baharini, na yeye hula sahani mbili, siku hiyo akala vijiko vitatu akasema hana njaa. Nikadhani ni aibu. Nikafurahi, nakuambia ukweli, nikasema angalau ana aibu.

Picha wametutumia. Zote nne ziko kwenye simu yangu. Katika kila moja amemng'ang'ania mnyama begani kama aliyekutana na ndugu yake aliyepotea vitani, kwa Gus ndiyo amemlalia kabisa, na wala hatabasamu. Umenipotezea miaka kumi na minne kwa ajili ya picha, basi tabasamu kwenye picha.

Tangu siku ile nyumba yangu ni baridi. Nafua mashati yake mwisho. Yeye halalamiki, jioni anajilaza kwenye kile kiti cha kuegemea cha sebuleni na analala hapo hapo mpaka asubuhi, eti mgongo, ameanza mtindo huo tangu Sikukuu ya Shukrani, mwezi ule ule wa viatu, na kazini mabunda ya mashuka anawaachia wengine wabebe, yeye anasimama mlangoni anatoa maelekezo. Mvivu sikumuoa. Sijui huyu ametoka wapi.

Sasa swali langu. Jumanne ijayo saa nne kamili asubuhi wanafungua dirisha la kujiandikisha kwa mwaka ujao, na kabla ya saa tano nafasi zimekwisha. Nitakuwa na namba nyeupe kama mgeni, lakini nitakimbia. Je, nijiandikishe peke yangu, au wawili? Sitaki hadithi wala maombi. Nataka jibu moja lililonyooka, kwenye gazeti la Ijumaa hii, kabla ya Jumanne saa nne.

Ni mimi,
Chumvi Peke Yake, Kissimmee


Bi. Corliss anajibu:

Chumvi, pole. Naanza na pole kwa sababu najua wapo watakaosoma barua yako wakacheka, wakasema namba ya karatasi ni kitu gani. Miaka kumi na minne ya kuamka usiku wa manane na kumaliza mbele ya mafagio kwa mwili usio mwepesi si karatasi. Ulichopoteza kilikuwa chako na una haki ya kuumia.

Ila wewe mama ni hodari wa kuhesabu, na barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaiweka mezani nikamwambia mhariri wangu kwamba hii isingoje Ijumaa. Hukuweka anwani wala namba ya simu. Basi inabidi nikujibu hapa, mbele za watu, na naomba uketi.

Chukua simu yako. Fungua picha ya korongo, kisha kasa, kisha nguva, kisha Gus. Usiangalie uso wa mumeo. Angalia mkono wake. Huo si mkono wa mtu anayekumbatia, dada yangu. Ni mkono wa mtu anayetafuta pa kujishikiza. Kwa Gus unasema amemlalia kabisa. Nakuamini. Nadhani mamba yule ndiye aliyemzuia asidondoke.

Umenieleza mwenyewe yote, tena kwa hasira nzuri kabisa, ila uliyaandika kama mashtaka. Mtu aliyewachukia wanyama hao miaka yote ghafla anataka foleni, na foleni ndiyo mahali pekee kwenye mbio ambapo mtu anaweza kusimama na asiulizwe kwa nini amesimama. Hawezi kukimbia saa inapolia, nadhani pumzi inamwishia. Miguu imevimba ikazidi viatu vyake, naye anasingizia viatu. Hawezi kulala chali, analala amekaa. Hana hamu ya chakula anachokipenda. Habebi tena alichokuwa akibeba. Analala basini kabla mlango haujafungwa. Mimi si daktari na sitajifanya daktari, lakini nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mambo hayo yakikusanyika kwa mwanamume wa miaka hamsini na nane, unayempigia simu kwanza ni daktari wa moyo, wala si mshauri wa gazeti.

Sasa nikugombeze kidogo. Unasema namba yake ilikuwa ya buluu na haimuumi. Umejuaje? Ulimuuliza? Mtu hatupi miaka kumi na minne yake mwenyewe kwa picha na mamba wa sponji. Alipiga hesabu kama ulivyomwambia, akaona yeye hafiki, akakuambia tangulia. Mara mbili alikuambia. Alitaka ya kwake ipotee na ya kwako ibaki, na hakutaka ujue sababu, kwa maana angekuambia ungesimama. Huo ni ujinga wake, na ana sehemu yake ya kugombezwa, nitamwachia nafasi siku akipona. Wewe kwa wiki tatu umemfulia mashati mwisho.

Lakini hukuondoka. Mafagio yalikuja, mwalimu akakuita, miguu mizima, na ukasimama. Unasema hujui kwa nini. Mimi najua. Ulikuwa unamwangalia ameshika reli, na kuna kitu ulikiona ambacho hukutaka kukihesabu. Hakuna aliyekunyang'anya namba ile, Chumvi. Uliitoa mwenyewe, kwa ajili yake, na ningekuwa wewe ningetembea kifua mbele.

Basi jibu lako lililonyooka ndilo hili. Usijiandikishe, wala mmoja wala wawili. Leo hii, ukimaliza kusoma, piga simu kwa daktari, na wakikuambia wana nafasi wiki ijayo waambie maneno haya manne: pumzi, miguu, usingizi, kiti. Watakutafutia nafasi. Na kama hata sasa anahema akiwa ameketi tu, au kifua kinambana, usingoje daktari wa miadi, piga simu ya dharura na usimruhusu akwambie kwamba ni mgongo.

Kabla ya hapo, mwendee kwenye kile kiti. Usianze na namba, usianze na Gus. Vuta kiti chako mkae pamoja, na umuulize swali moja tu: "Ulisimama pale kwa sababu ya picha, au kwa sababu ya pumzi?" Kisha unyamaze. Najua kunyamaza si kazi yako, lakini nyamaza mpaka ajibu. Akisema picha, mpeleke hivyo hivyo.

Mbio zitakuwepo. Hata mwaka ujao mkisimama kando ya njia na kopo la kahawa mkiwapigia makofi wenye namba nyeupe, hamtakuwa watu wa kwanza, na mavazi hayo yatapendeza vilevile mkiwa mmesimama.

Umezoea kudai jibu kwa saa, na mimi leo nadai. Namba ya simu ya meza yangu iko chini ya safu hii. Jumanne kabla ya saa nne asubuhi nataka unipigie uniambie alichojibu, neno moja tu linatosha: picha au pumzi?