Ndimu na Sukari Juu ya Kidonda

Kwako mdogo wangu Riziki,

Salamu nakupa, maana mama hakutulea kuanza ugomvi bila salamu. Mimi mzima. Durban baridi imeingia, mifupa inaniuma, kazi ipo. Hali yako sikuulizi. Nakuuliza hali ya mkono wa Zuhura, na najua hutajibu, kwa kuwa tangu juzi simu zangu huzipokei na ujumbe wangu husomi. Ndiyo maana naandika, na barua hii nimempa jirani yangu anayerudi Tanga kesho kwa ndege akukabidhi mkononi.

Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa wa kejeli. "Dada, nyie huko mwawaibia watu. Tatuu moja bei ya mbuzi! Mie hapa Ngamiani nachora kwa bei ya doti ya kanga na watu wafurahi." Haya, kaa kitako nikwambie kwa nini ni ghali, wewe fundi uliyejifundisha mwenyewe.

Mteja akija kwetu, kwanza tunatazama anataka mchoro mkubwa kiasi gani, na uende wapi. Ua dogo begani halichukui muda. Ua hilohilo likienda mbavuni, mtu anapumua, ngozi inacheza, kila mara anaomba apumzike, na muda wangu unalipiwa. Vidoleni wino haukai, lazima arudi nimpitishie tena. Rangi nyingi zina bei yake, na ngozi nyeusi kama zetu inataka mtu anayejua kipi kitaonekana na kipi kitapotea. Kuchora juu ya tatuu mbovu ya mwingine ni ghali kuliko yote. Halafu kuna mkono wa mchoraji mwenyewe. Bosi wangu, mama mmoja mkali kama pilipili mbuzi, amechora miaka mingi na bei yake si yangu. Mwaka wangu wa kwanza hapa sikugusa ngozi ya mtu. Nilipiga deki, nikaosha vyombo, nikajifunza kuchora juu ya maganda ya machungwa mpaka vidole vikafa ganzi, na huku natukanwa mbele ya wateja. Nimelia sana mji huu, wewe hujui, kwa sababu nikikupigia nilikuwa najichekesha.

Lakini sehemu kubwa ya bei haionekani kwenye ngozi. Sindano iliyomchoma mtu mmoja inatupwa. Wino uliobaki kwenye kikombe chake unamwagwa, hata ukiwa mwingi. Glavu zinakwenda jaani, na kitanda kinafutwa kwa dawa kabla mwingine hajalala. Vitu hivyo ndivyo ulivyoviondoa wewe ukapata bei ya kanga, kisha unaniita mimi mwizi.

Siku ya hina ya Zuhura, binti wa mama yetu mdogo, ulifanya ulivyozoea kwenye hina. Bibi harusi kwanza, kisha wapambe wake, koni moja na bakuli moja, vigelegele, hakuna anayeumwa. Haumwi kwa sababu hina inakaa juu ya ngozi! Ukatoa mashine ya tatuu uliyoagiza Dar ukafuata utaratibu uleule. Sindano moja, kikombe kimoja, Zuhura na wapambe watatu. Damu ya huyu umempelekea yule, na yule umempelekea mwenzake, huku mnaimba. Kisha ukawakataza kunawa, ukawaambia wapake maji ya ndimu na sukari ili rangi ikolee. Ndimu na sukari, Riziki! Mama alitufundisha hayo kwa hina. Wewe umeyapaka juu ya kidonda. Na mkono ulipovimba ukamwambia Zuhura ndiyo rangi inashika. Nina hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu.

Zuhura alinitumia picha kuniuliza ajipake nini. Mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko, ua ulilomchora linatoa usaha, na kwapani ana mtoki. Nikampigia, nikamuuliza hospitali wamesema nini.

"Wamenipa dawa ya kuungua, dada."

"Kuungua na nini?"

"Mie nimewaambia mafuta ya sambusa yamenirukia. Ningesema sindano, wangeuliza nani kanichoma. Riziki ana kitoto kichanga, wakimpeleka polisi nani atamnyonyesha?"

Nikamwomba arudi akaseme kweli. Nikamgombeza, nikambembeleza. Akakataa. "Mpaka Riziki mwenyewe anambie niseme." Basi anapaka dawa ya moto ambao haukuwepo, sumu inapanda mkononi, na damu yake haijapimwa.

Ukimaliza kusoma vaa baibui, mwachie mama mwanao, umfuate Zuhura kwa mumewe. Nenda naye hospitali, na usimame pale umwambie daktari ulichofanya, kwa mdomo wako. Ukitoka hapo pita kwa wapambe wote watatu. Waambie wakapime damu, hata ambaye mkono wake haukuvimba, na warudi kupima tena wakiambiwa warudi. Usiwaambie ni shauri la Mungu. Mungu hakuishika ile mashine.

Mama mpe shikamoo yangu, umwambie dawa yake ya magoti nimeipata. Baba mdogo wa Nguvumali msalimie na watoto wake. Shangazi muuza vitumbua mwambie kitambaa chake kimo mfukoni mwa huyo jirani. Mwanao mbusu shavuni, yeye hana kosa.

Bosi wangu aliiona ile picha, akaniuliza mchoraji alitoza bei gani. Nikamwambia hakutoza kitu, ilikuwa zawadi ya harusi. Akarudi kwa mteja wake. Zuhura anangoja ruhusa yako, Riziki. Mpe, kabla hawajamkata mkono.

Dada yako,
Mwanahawa