Ramani Niliyoichora Ukipigwa Risasi

Gwakisa, rafiki yangu,

Nakuandikia kutoka nyumbani Ipinda, nipo likizo, na barua ya kazi imenifuata huku huku. Nimepangiwa kufundisha makuruta. Somo ni upelelezi kwa mapambano. Na mfano watakaousoma ni wewe.

Siyo jina lako, thubutu! Ramani yangu tu. Ile niliyoichora kilimani, nimelala kifudifudi na darubini, huku ninyi sita mkipelekwa mbele mkaufyatulie risasi ule msitu, ili adui ajibu na sisi tujue bunduki zake zimefichwa wapi. Wewe ulidhani mnakwenda kuuteka. Mimi nilijua mnakwenda kuchokoza tu. Niliambiwa nifunge mdomo, nikaufunga. Mfyuu! Najichukia.

Adui akajibu. Nikaweka alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuua. Nilikuona ukianguka, na mkono wangu ukaendelea kuchora. Afande akanipiga begani: "Kazi safi." Safi!

Jana nilipanda mtumbwi kwenda Ikombe kwa mama yako. Unakumbuka ulivyotuchosha na habari za vyungu vyake? Kila sufuria ya kambini uliigonga kwa kidole kabla ya kula, ati unasikiliza kama ina ufa. Tulikucheka mpaka mbavu ziume.

Nilimkuta anajiandaa kuchoma vyungu. Alikuwa na udongo mpya, kwa hiyo alitanguliza motoni kijungu kimoja kidogo, aone kama utavumilia. Nikamweleza yote, sikuficha kitu. Hakulia. Alikiopoa kwa kijiti, kimepasuka, akanionyesha.

"Baba," akaniambia, "mimi cha kujaribia nakifinyanga mwenyewe. Huyo mkubwa wenu, yeye alimfinyanga yupi?"

Akanipakulia wali na usipa, vile visamaki vya ziwani.

Basi pumzika, ndugu yangu. Msamaha sikuombi, maana mimi nisingetoa. Ila nakuahidi hili. Jumatatu nitaitundika ile ramani darasani, na kabla sijaonyesha bunduki hata moja, nitaweka kidole pale ulipoangukia. Nitataja jina lako. Nitasema hukuambiwa, na aliyejua ni mimi.

Watanifukuza, najua. Mama yako amesema wakinifukuza, niende nikamchimbie udongo.

Nitakwenda.

Tuntufye