Mkono wa Pampu

Rumande, Embu
9 Februari 2004

Cucu Rwamba, nyanya yangu na mke wangu,

Salamu nyingi. Hilo goti linasemaje? Mimi mzima. Ugali wa serikali umeninenepesha, ungeniona ungenipenda upya.

Usilie. Ni kweli walinishika kwa mnunuzi wa vyuma na ule mkono wa pampu ya kisima chetu, na kwa polisi nilikubali yote, nikiogopa kofi. Lakini sasa mimi ni nusu wakili. Sheria ilibadilishwa mwaka jana: mshtakiwa akikubali kosa kwa polisi, kortini hayo si kitu mpaka ayaseme mbele ya hakimu. Viboko navyo vimefutwa. Babu niliyebeba jina lake alikula sita kwa ng'ombe wa mzungu. Mimi hata kimoja sili.

Kwa hivyo nitakataa. Chuma nitasema nilikiokota njiani. Wewe njoo tu useme usiku ule nililala kwako. Mzee kama wewe nani atambishia?

Bwana yako wa pili,
Njagi

Kiambere
20 Februari 2004

Njagi,

Salamu zimefika. Goti limefura.

Asubuhi ile mimi ndiye niliyefika kisimani kwanza, nikakuta pampu haina mkono. Tangu hapo tunateremka mto Tana na mitungi. Wenzangu hawanisemi. Wananingoja nipumzike.

Hiyo sheria yako ni nzuri, mtu asipigwe ndio aseme. Basi sema bila kupigwa. Mimi kortini sitakuja.

Cucu

Kwa mjomba Mwaniki, Kiambere
2 Aprili 2004

Cucu,

Nakusalimu. Goti je? Usiulize kwa nini naandika na boma lako naliona kutoka hapa.

Nilikubali mbele ya hakimu, bila kofi. Nikajua ni jela, na huko hakuna anayenijua. Hakimu akasema siku hizi kosa kama langu mtu anaweza kutumikia jamii, alale nyumbani. Nitekee zahanati yetu maji, kutoka mtoni. Nikamwomba anipe jela. Korti yote ikacheka, na safari hii sikuwa nachekesha.

Leo nimepanda na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama mama mzee. Wanawake walinipisha njia. Hakuna aliyenitusi. Mama Kathambi aliona kamba nimeifunga vibaya, akaifunga upya, akaenda zake. Cucu, afadhali vile viboko sita vya Babu.

Mtungi ulio mlangoni kwako ni mimi. Niliuacha nikakimbia.

Mjukuu wako,
Njagi

Kiambere
3 Aprili 2004

Njagi,

Mtungi nimeuona. Babu yako alipotoka kupigwa, alijificha kwa ndugu yake, eti anauguza mgongo. Nilimfuata huko na uji, nikamrudisha.

Lakini siku hizo nilikuwa na magoti. Kwa mjomba wako siwezi kupanda.

Mume wangu, mtungi wa kesho uingize ndani mwenyewe.

Mkeo,
Rwamba